Tembo Alimtazama Tekla

Mwaka 1956, katika basi la kutoka Idodi kwenda Iringa, nilikaa nyuma ya Tekla, mama aliyempakata mtoto mchanga. Jirani yake kitini alikuwa Mzee Kalinga, askari wa wanyamapori. Tekla alimsimulia jinsi alivyokutana na tembo shambani asubuhi ya jana yake.

"Alikuwa karibu kama ule mlango. Nikaganda, mwanangu kalala mgongoni. Akanitazama, akanihurumia, akaenda zake."

"Hakukuona, mama," alisema Kalinga. "Macho ya tembo ni hafifu. Ndege kama kanga angekuona tangu mbali, ila kunusa hawezi kama tembo. Tembo anategemea pua. Upepo ulitoka wapi?"

"Kwake kuja kwangu. Nilisikia harufu yake."

"Ndiyo maana uko hai. Na mtoto angelia, masikio yale yangemsikia."

"Alinitazama machoni, baba. Wewe hukuwepo."

Kalinga alikuwa amefukuza tembo mashambani miaka kumi na miwili. "Ulisimama kimya," alisema. "Nimezika wanaume waliokimbia."

Tekla akacheka kwa mara ya kwanza tangu tuondoke. "Alinihurumia," akarudia.

Basi likasimama Ipogolo. Mama yake Tekla, aliyekuwa ameambiwa binti yake amekanyagwa, alikuwa barabarani. Alimpokea mtoto, akampapasa kichwa, mikono, miguu, hadi vidole. Dereva alizima injini, akamngoja amalize.