Picha Iliyo Juu ya Jeneza la Anjelika

Tumsifu Yesu Kristo. Baba Padri, shemeji Jeremia, wanangu, majirani wa Nyamiaga na ninyi mliotoka Biharamulo, kwanza mnisamehe kwa kuwashtua niliposimama, mimi si marehemu, mimi ni Esperansia Butoyi, pacha wake, na najua mnajiuliza ile picha ya rangi rangi juu ya jeneza ni kitu gani, nitafika hapo, ila siwafichi kwamba nimechanganyikiwa tangu Jumatatu.

Marehemu Anjelika Bukuru alizaliwa hapa Nyamiaga tarehe 14 Februari 1984, akanitangulia kidogo tu, ndiyo maana yeye akaitwa Bukuru, pacha wa kwanza, nami Butoyi, wa pili, na ukubwa huo aliudai maisha yake yote, hasa siku za kugawana nyama. Alisoma shule ya msingi hapa hapa kuanzia 1992 hadi 1998, akachapwa viboko vyangu nami nikachapwa vyake, kisha akajifunza ushonaji, na mwaka 2004 akaweka cherehani yake katika soko la Biharamulo, ambako kila gauni alilojishonea alishona na la pili, akanitumia kwa basi.

Tarehe 8 Julai 2006 alifunga ndoa takatifu na Jeremia, wakajaliwa watoto wawili, Keza na Renatus.

Mei 2023 alianza kuanguka kifafa, akapelekwa hospitali Mwanza, tukaambiwa ana uvimbe kwenye ubongo, na madaktari wakaniomba na mimi nipimwe kwenye mashine ya MRI, wapate ubongo wa kulinganisha. Kompyuta yao, bila mtu kushika kalamu, ilifuata kila mkunjo wa uso wa ubongo na kuupaka rangi yake, ikatoa ramani mbili, ndipo daktari akatueleza kwamba hata mapacha wa kufanana kama sisi mikunjo yetu ni tofauti. Anjelika alicheka sana, mimi nilikasirika, maana mama yetu mwenyewe alikuwa akituchanganya, halafu mashine ndiyo itutenganishe? Kwenye ramani yake, juu ya sikio la kushoto, mstari wa kompyuta ulipotea njia, kwa sababu uvimbe ulikuwa umeisukuma mikunjo. Alipasuliwa, akapata nafuu, akarudi kwenye cherehani, lakini uvimbe ulirudi, na Jumatatu tarehe 3 Machi 2025 akafariki dunia.

Jana shemeji alileta picha ya kuweka hapa, mwanamke wa gauni la bluu anacheka, tukaitazama yeye, mimi na Keza, hakuna aliyejua kama ni marehemu au ni mimi, tukamwaga picha zote mkekani, magauni yale yale, cheko lile lile, ile ya harusi ililiwa na mchwa zamani, na Jeremia akalia kwamba hana hata picha moja ya mke wake. Ndipo nikaleta zile ramani tulizopewa hospitali, nikautafuta ule mstari uliopotea njia, nikamwambia shemeji, huyu hapa, huyu ndiye Anjelika, na ndiyo picha mnayoiona.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliolala nasi matangani, na mafundi wenzake wa sokoni. Dada yangu, umenitangulia tena, ukubwa ni wako, sitabishana nawe tena, pumzika kwa amani.