Risala ya Wakazi wa Vrabchevo Kuhusu Picha ya Stamen na Nedko

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Naibu Waziri wa Utamaduni, Bi Velislava Gencheva;
Msanii wetu, Bi Rumena Kolarska;
Majirani wote, pamoja na mliofuata chakula:

Makaribisho

Sisi wakazi wa kijiji cha Vrabchevo tunakukaribisha kwa furaha kwenye maonyesho ya kwanza ya Bi Rumena akiwa peke yake. Ukumbi huu ulikuwa kiwanda cha jibini. Harufu tumejaribu kuitoa, Mheshimiwa, imetushinda.

Historia ya msanii

Bi Rumena alipaka rangi mabasi kule mjini Plovdiv hadi alipostaafu, akarudi nyumbani kutuchora sisi. Picha zake hazitulii ukutani: uso umechorwa, pua imechongwa kwa mti ikatokeza. Katika picha ya jirani yetu Bibi Tsona pale mlangoni, ndoo ni ya mti mtupu, na imeshatugonga magoti wengi.

Mafanikio

Picha kubwa iliyo mbele yako ni ya Stamen na Nedko, ndugu wa tumbo moja. Waligombania mzabibu wa mpakani mwa mashamba yao, wakanuniana miaka na miaka. Hata mama yao alipozikwa, kila mmoja alisimama upande wake wa kaburi.

Bi Rumena aliwaita kuwachora, kila mtu kwa siku yake, bila mwenzake kujua. Wiki iliyopita tulipoifunua picha, wakajiona wameketi meza moja, na mikono miwili ya mti wa jozi imetoka nje ya picha, imeshika chupa moja ya rakia, pombe yetu kali ya matunda.



“Mkono wangu si mnene hivi,” Stamen akasema, macho kwenye picha.

“Mnene,” Nedko akajibu. “Tangu utotoni. Ulikwama kwenye mtungi wa asali, umesahau?”

“Si wewe uliyenituma!”

“Na wewe ukatumika, bwege we!”

Walibishana mpaka tukafunga milango. Baadhi yetu tulilia, tukasingizia jibini.

Changamoto

Tumesikia makumbusho ya mji mkuu, Sofia, yanaitaka picha hiyo. Shida ni kwamba ndugu hawa wanasemeshana hapa tu, mbele ya picha. Wakitoka nje, kila mtu na njia yake. Asubuhi wanarudi kuendeleza ugomvi.

Tulimwuliza Bi Rumena, “Mama, huoni picha ikienda Sofia jina lako litapaa?”

Akasema, “Jina langu litangoja. Moyo wa Stamen ni mgonjwa, huo hautangoja.”

Maombi

Mheshimiwa, chukua picha nyingine yoyote, hata ya mwenyekiti wetu, ambaye amekubali kwa shingo upande. Hiyo moja tunaomba utuachie kwanza. Siku tutakapowasikia wakigombana barabarani, tutaifunga kwa mablanketi na kuileta Sofia sisi wenyewe.

Mungu akurudishe salama, na akujalie nyumba yenye kelele za watu wako.

Ni sisi majirani,
Wakazi wa Vrabchevo.
Imesomwa kwa niaba yao na Ginka Palova.