Vilango Mia Mbili

Mshonaji alikuwa ashuke basi kituo cha sokoni, lakini nesi aliyekaa kiti cha mbele yake alikuwa amepakata mfuko uliojaa vilango vya plastiki vya nyumba za kuchezea, na masikio hayana pazia.

"Tuko watu kumi na mmoja," nesi alikuwa akimweleza bibi aliyeketi kando yake. "Tunaagiza vitofali vya kuchezea mtandaoni kwa pamoja, vyote vinakuja kwenye sanduku moja, gharama ya kusafirisha tunagawana."

"Na mfuko huu wa nani, mjukuu wangu?"

"Wa fundi saa mmoja. Mwaka mzima sasa, kila mwezi anaagiza vilango vyeupe tu. Safari hii mia mbili. Ukuta hajawahi kuagiza hata mmoja."

"Sasa anajenga nini?"

"Sijamuuliza."

Bibi aligeuka mwili mzima. "Mwaka mzima?"

"Bibi, yule ndiye anayetujazia sanduku. Akiona tunamchimba akajitoa, gharama zitatutoa roho sisi tuliobaki."

"Basi mtakufa hamjui."

"Bora nife sijui, lakini vitofali vyangu vimefika."

Mshonaji, ambaye kwa miaka ishirini hakuwahi kukata kitambaa bila kujua nguo itavaliwa wapi na nani atakuwepo, aliona kutouliza huko ni moyo wa jiwe. Kituo cha sokoni kilishapita, na cha pili yake pia.

Basi liliposimama, fundi saa alikuwa akingoja kando ya barabara. Nesi alishuka, akamkabidhi mfuko. Bibi, aliyekuwa amemwambia kondakta anakwenda hadi mwisho wa njia, akashuka nyuma yake. Mshonaji naye akashuka nyuma ya bibi.