Chumba cha Uani Kibaki na Kufuli

Nisogezeeni mto, wanangu, mkae karibu, maana sauti ndiyo hii na sitaipandisha tena. Masikio yangu hayajafa. Nimewasikia jikoni: wewe kifungua mimba, tumbo limeshashuka, unataka kujifungulia katika chumba changu cha uani, mikononi mwa mdogo wako, na wewe kitinda mimba umekubali, ilhali mtihani wa leseni hujaufanya. Majirani wanakuita mkunga, nawe unaitika. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Chumba nakuachia wewe, kitinda mimba, pamoja na kitanda, beseni na mkasi. Kaka yenu asidai, ana nyumba yake na mdomo wake. Lakini kufuli nililolitia nilipougua halitoki mpaka baraza la wakunga likupe leseni.

Mnajua nilivyomnunia yule mkaguzi wa baraza, mkunga aliyesomea, hata salamu zake nikawa naitikia puani. Alikuja kunifungia chumba, akamkuta mke wa fundi cherehani yuko katika uchungu. Nikamwambia, "Mwanangu, sheria yako ingoje nje, humu kuna mtu anazaa." Akavua viatu, akanawa mpaka viwikoni. Mtoto akatoka salama, kisha damu ikaanza kumwagika kama bomba lililopasuka, na sisi wakunga wa mtaani tulizoea kuvuta kitovu ili kondo la nyuma lifuate, nami nikakishika.

"Achia, mama!"

Nikaachia. Akatoa mkobani sindano ya kuzuia damu, akamchoma, akangoja, kondo likashuka, akaweka kiganja juu ya tumbo akilisugua polepole, nami nikaliona tumbo likikaza chini ya mkono wake na damu ikikatika. Jamani! Nilikuwa nimezalisha nusu ya mtaa huu, na wale waliotutoka kwa damu tulisema siku zao zimefika. Nilipiga magoti, si kwake, kwa Mungu, nikalia.

Alipomaliza akafuta mikono, akanifungia chumba vilevile. "Hata baada ya haya?" nikamuuliza. "Kwa sababu ya haya, mama. Sindano hii hapewi asiye na leseni."

Nilimchukia, lakini nikaenda kusoma na mabinti wa kuwazaa mimi, nikapata leseni, chumba kikafunguliwa. Na mpaka leo nastaajabu, wanangu: watu wa mbali, wasiomjua mke wa fundi cherehani wala mlango wake, walikaa wakabishana juu ya damu yake, wakaandika kwamba asiguswe na mtu asiyejua kuizuia. Nilidhani sheria ni ya askari na wezi. Kumbe ilimwonea mwanamke huruma kabla hajapiga ukelele. Yule mkaguzi mpelekeeni salamu zangu, mwambieni kinyongo nimekitua.

Kifungua mimba, mbona unauma mdomo? Usinidanganye, wanaoficha uchungu nimewatazama maisha yangu yote. Umeanza. Kaka yenu akamwite mkunga wa zahanati, akimbie, asitembee kama bwana harusi.

Kitinda mimba, njoo. Mikono yako naijua, ni mizuri kuliko yangu, ndiyo maana naiogopa. Leo wewe ni dada tu. Mfute jasho, mpe maji, mshike mkono, basi... Mungu amfungue salama. Awape uzao wenye afya, awape kupendana... Mimi niacheni. Nendeni kwake nyote.

Mlango... uacheni wazi. Nataka kumsikia mtoto akilia.