Sauti ya Grubb: Maisha ya Marehemu Caetano Inácio Rebello, 1858–1924

Mara ya kwanza marehemu kusema nami ilikuwa Agosti 1884, mlangoni pa ukumbi wa maonyesho wa klabu ya maofisa wa jeshi la Waingereza, hapa Poona. Nilileta kapu la nywele za bandia. Akachomoa moja, akainusa.

"Bwana Lobo, huyu farasi alikufa lini?"

"Ukiwa mbali hujui, bwana."

"Mke wa kanali anakaa mstari wa mbele. Lete nyeusi, tena za mtu."

Nikaleta. Ndivyo tulivyoanza kujuana.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Machi 1858 huko Saligão, Goa, mtoto wa pili wa mpiga fidla wa kanisa. Katika shule ya parokia alijifunza muziki, Kireno na Kilatini. Kiingereza alikipata Poona, alikokuja kutafuta kazi mwaka 1876.

Klabu ilimwajiri ukarani mwaka 1879, na mwaka uliofuata ikamweka pembeni ya jukwaa awanong'oneze waigizaji maneno wanaposahau. Mchezo uliopendwa ulikuwa "Mjane wa Pettifer", kichekesho kilichotungwa London: mjane, wachumba watatu, na Grubb, mtumishi anayewazidi wote akili. Vikosi vilihamishwa kila baada ya miaka michache. Kila kikosi kipya kiliyakuta mapazia na makochi ya mchezo huo stoo, kikadhani ndicho kinachouleta mchezo mjini, kikaagiza tangazo liseme "Kwa mara ya kwanza Poona." Marehemu aliliandika tangazo hilo mara kumi na saba, kwa mkono wake. Mchezo wote alikuwa nao kichwani, hadi mahali watu wanapocheka. Alitaka jambo moja tu: kumcheza Grubb mbele ya watu, hata mara moja. Kila katibu wa klabu alimjibu, "Msimu ujao, Rebello."

Tarehe 4 Mei 1886 alimwoa dada yangu Ermelinda, katika kanisa hilihili. Kazi yake ilimfuata hata humu. Padre Anselmo akinyamaza kidogo katikati ya sala, sauti ya chini kutoka benchi la tatu ilimpa neno linalofuata. "Caetano," padre alimwambia siku moja nje, "nilikuwa napumua tu."

Januari 1902, siku yenyewe ya onyesho, ofisa aliyekuwa Grubb alishikwa na homa. Marehemu akavaa koti la Grubb, akasimama tayari. Mke wa kanali akamtazama juu hadi chini.

"Hapana, Rebello. Watu hawatapenda."

Wakamvua koti, wakamvalisha luteni asiyejua hata neno moja. Luteni akawa anafungua na kufunga mdomo jukwaani, marehemu akisema yote nyuma ya pazia. Watu walicheka hadi machozi, na shada la maua akapewa luteni. Nilikuwepo, nikingoja nywele zangu.

Mwaka 1908 nilikodi ukumbi wa shule ya parokia. Mwalimu mmoja akaugeuza mchezo uwe wa Kikonkani, lugha yetu ya Goa, nami nikaenda kwa marehemu.

"Shemeji, Grubb ni wako. Jumapili tatu."

"Kikonkani? Mbele ya wapishi na wapiga tarumbeta?"

"Si ndio watu wako hao?"

"Katibu kaniahidi msimu ujao."

"Wanakuahidi tangu mimi nina nywele kichwani!"

"Nikionekana parokiani, klabu haitanichukua tena."

Nikampa nafasi Polycarpo, mwoka mikate. Watu walijaa hadi madirishani. Jumapili ya mwisho marehemu alikuja, akakaa nyuma kabisa, midomo ikienda.

Mwaka 1922 alipata uvimbe wa koo, na kufikia Oktoba 1923 sauti ilikwisha. Klabu ilileta barua ya kumshukuru kwa kuitunza stoo vizuri. Alifariki nyumbani tarehe 9 Februari 1924, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sitini na mitano.

Ameacha mjane, Ermelinda, wana wawili, Lourenço na Tiburcio, binti, Filomena, na wajukuu watano.

Tusidanganyane leo. Klabu ilipata sauti yake kwa miaka zaidi ya arobaini. Polycarpo alipata Grubb, na mimi nikapata ukumbi uliojaa. Marehemu alilinda nafasi ambayo haikuwepo, akaikataa iliyokuwepo, na sisi watu wake tumemkosa. Mungu ampokee, ampe raha aliyonyimwa hapa.