Milango Iliyotoka Kitandani Kwangu

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Nasimama mbele yenu na mikono hii yenye makovu ya patasi, nami nasema Mungu ameniweka huru. Hakunitoa kwenye pombe, wala hakuniponya ugonjwa. Alinitoa kwenye uongo mdogo, ule ambao sisi mafundi tunauhesabu kama kifaa cha kazi.

Baada ya kujifunza useremala nilifungua kibanda changu Nangara: mabati sita, meza moja, randa moja. Kwa miezi miwili watu walipita wakinisalimia tu. Kisha akaja Mama Neema, ambaye tunasali naye jumuiya moja. Binti yake alikuwa anaolewa, na siku ya sendofu, sherehe ya kumuaga, mama alitaka kumkabidhi kabati la vyombo mbele ya wageni. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza ya kulipwa.

"Mbao zimekauka, fundi?" aliniuliza.

"Zina mwaka mzima ndani, mama."

Ndugu zangu! Mbao za fremu zilikuwa kavu, hilo ni kweli. Lakini za milango zilitoka kwenye mgrivea uliokatwa Sigino wiki ileile. Ukizishika zilikuwa baridi kwa unyevu. Niliogopa kwamba nikisema ukweli, angekwenda kwa fundi mwingine.

Siku nne kabla ya sendofu, milango ilipinda. Kona ya mlango wa kulia ilitoka nje kiasi cha kidole, na ufa ukashuka katikati. Nikachanganya unga wa mbao na gundi, nikaziba, nikapiga msasa, nikapaka vanishi. Kona nikaibana kwa komeo. Usingejua. Hata mimi nilijipongeza.

Jioni ile jumuiya ilikuwa kwa Mama Neema. Ulipofika wakati wa maombi, akasema, "Namshukuru Mungu kwa kijana wetu Elia. Wengine wanatuuzia mbao mbichi, lakini huyu ametunza mbao mwaka mzima, kana kwamba alijua mwanangu ataolewa. Tumwombee."

Watu wakainamisha vichwa, wakaniombea. Wakaitika amina. Mimi mdomo haukufunguka. Walikuwa wanauombea uongo wangu!

Asubuhi nikarudi kwake. Alikuwa na ungo wa maharage mapajani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, fundi. Kabati limeisha?"

"Limeisha. Lakini nimekudanganya."

Nikamwambia yote. Aliendelea kuchambua maharage, akitupa mabovu pembeni.

"Yaani jana nilisimama mbele ya watu kusifu gundi?"

"Ndiyo, mama."

"Na nikifungua Jumamosi mbele ya wageni?"

"Ukifungua, halitafungika tena."

Machozi yakanitoka. "Usinililie kwenye maharage yangu," akasema. "Una siku tatu. Tubu huku unapiga randa."

Nilizunguka mji mzima. Ilikuwa masika, na kila niliyemuuliza alikuwa na mbao mbichi kama zangu. Nikarudi nyumbani nimechoka, nikakaa kitandani, nikamwambia Mungu sina njia. Nikaegemea. Mgongo wangu ukagusa ubao wa kichwani, nikaupapasa, na mkono wa fundi ukajua kabla ya akili: ubao huu ni mkavu. Kitanda kile aliniachia babu. Ubao mpana wa mninga kichwani, na mwingine miguuni. Milango miwili!

Mama yangu alinikuta nakifungua.

"Elia, umechanganyikiwa? Utalala wapi?"

"Chini, mama."

"Na ukioa?"

"Atakayenipenda atanikuta huko huko chini."

Akacheka hadi akashika kiuno. Kisha akaja kunishikia upande wa pili.

Jumamosi Mama Neema alifungua kabati mbele ya wageni, akapanga sahani, akafunga. Mlango ukaingia mahali pake taratibu. Vigelegele! Nikadhani yamekwisha. Akachukua kipaza sauti.

"Jamani, milango hii juzi ilikuwa kitanda cha fundi. Ya kwanza ilikuwa mbichi, akaja mwenyewe kuniambia."

Nilitamani kuingia kwenye kabati. Mzee mmoja kutoka Mutuka akapaza sauti, "Sasa mimi nikimwagiza madirisha, si atabomoa nyumba ya mama yake?" Ukumbi wote ukaangua kicheko.

Lakini mzee yule alinifuata baada ya chakula. Alitaka madirisha kweli. Akaniuliza swali lilelile: mbao zimekauka?

"Bado ni mbichi, baba. Mpaka kiangazi."

Ndugu zangu, ndipo nilipofunguliwa! Maneno hayo yalitoka mepesi, bila hofu.

"Nitasubiri," akasema.

Leo kila ubao kibandani kwangu nimeuandika kwa chaki siku ulipoingia. Mteja anasoma mwenyewe. Wapo wanaosoma wakaondoka, nami nawaaga vizuri. Wengine wanakaa.

Namshukuru Mungu aliyenifunga mdomo siku ya amina ile. Namshukuru Mama Neema, hakunifukuza. Na wewe unayenisikiliza, kama kuna ufa umeuziba na kuupaka vanishi, mwendee mtu wako kabla ya Jumamosi yake. Mtegemee Mungu, useme. Hatakuacha mlangoni.

Mbao za kitanda changu kipya bado zinakauka. Mimi nalala chini, ndugu zangu, na usingizi ninaoupata ni wa mtu asiyedaiwa neno. Jina lake litukuzwe!