Mama Tulia na Kamera Yake Kubwa

Marehemu dada yetu, mpiga picha ambaye wengi mlimjua kwa jina la Mama Tulia, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa pili wa fundi cherehani na mkunga. Mama yetu alikuwa akisema kwamba dada alikuja duniani macho yamemtoka, akikagua chumba kizima kama mpangaji mpya.

Alianza shule ya msingi mwaka 1958, akamaliza sekondari mwaka 1969. Hesabu aliziweza. Kushona kulimshinda kabisa, na baba alikata tamaa mapema. Mwaka 1970 akaenda kujifunza upigaji picha katika studio iliyokuwa juu ya duka la viatu, na mwenye studio alipostaafu alimwachia yeye.

Huko ndiko alikoipenda kamera kubwa, ile ya kuinamia na kuangalia kwa juu. Filamu yake ilikuwa pana, ikitoa picha kumi na mbili tu, lakini hata ukiikuza picha vipi, kila unywele ulionekana. Kwa kuwa hakutaka kupoteza hata moja, alimwambia kila mteja, "Tulia. Tulia kwanza. Kidevu chini." Watoto wa mtaani wakampa jina, naye akaitika.

Mwaka 1978 mpiga picha wa gazeti alikuja kuomba kutumia chumba chake cha giza, cha kusafishia picha. Shingoni alikuwa na kamera ndogo, ya picha thelathini na sita. Dada alipoona picha zake zikikuzwa, aliguna. "Hizi ni picha au chenga za mchele?"

"Ndogo lakini inakimbia, dada yangu," yule bwana akamjibu. "Wewe ukimaliza kupima mwanga, mtu ameshakwenda zake."

Walibishana hadi wakaoana, tarehe 2 Agosti 1980. Siku hiyo bibi harusi aliinuka kitini mara mbili kwenda kumrekebishia mpiga picha wa harusi kamera. Nyumbani ubishi haukuisha: mke akisema haraka haraka haina baraka, mume akijibu ngoja ngoja huumiza matumbo. Walijaliwa watoto watatu, na wote wanapiga picha kwa simu, jambo pekee lililowahuzunisha wazazi wao kwa pamoja.

Mwaka 2016 mapafu yalianza kumsumbua. Kamera kubwa ikawa nzito kwake, akaifunga studio bila kuaga mtu. Mwezi Aprili 2019 aliomba jambo moja tu: apigwe picha ya kuagia, kwa kamera yake na si nyingine. Binti yake mkubwa akaisimamisha karibu na dirisha la chumba cha kulala. Mwanga wa pale ni hafifu, kamera ile ilimtaka mtu asitikisike hata kidogo, na kikohozi hakikumpa nafasi. Filamu iliposafishwa, uso wake ulikuwa ukungu mtupu katika picha zote. Dada alilia. "Nimewatuliza watu maisha yangu yote," alisema. "Leo mimi mwenyewe nimeshindwa."

Safari hii mume wake hakubisha. Alikaa ukingoni mwa kitanda na kamera yake ndogo. "Usijibane, mama watoto. Kohoa, nitukane, fanya utakavyo. Mimi nitakufuata."

Alimtukana kweli, tena vizuri, mpaka akacheka mwenyewe. Picha ziliposafishwa alizipitia moja moja kwa kioo cha kukuzia, akaganda kwenye mojawapo. "Ina chenga," alisema. Akarudisha kioo jichoni. "Lakini ndiye mimi. Wekeni hii." Ndiyo iliyo kwenye jalada la kijitabu cha ibada mlichoshika.

Alifariki nyumbani mchana wa tarehe 9 Juni 2019, mkono wake ukiwa mkononi mwa mume wake.

Ameacha watoto watatu, wajukuu watano, kaka mmoja, mdogo wake anayewasomea haya, na mume, ambaye baada ya miaka yote hiyo ameshinda ubishi na hana wa kumringia.

Mungu amlaze pema, ampumzishe kifua.